Maneno ya shahidi katika kinywa cha msichana wa kubuni: uchambuzi wa kisa cha filamu moja ya majaribio

Kisa hiki kinahusu filamu fupi ya majaribio iliyounganisha picha halisi za zamani, michoro ya mkaa iliyohuishwa na sehemu za kubuni zilizoigizwa. Nilikuwa mhariri wa picha wa filamu hiyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo mengi ya makosa ninayoyaeleza humu yalipita mikononi mwangu. Majina, mahali na miaka nimeviondoa. Aina ya kiwanda na mpangilio wa jengo nimevibadilisha kiasi, ila si kiasi cha kuharibu hoja. Nimeandika kwa ajili ya wale wanaotaka kufanya kazi ya namna hii, hasa wahariri, kwa sababu naamini jambo lililotukwaza halizungumzwi vya kutosha: tulitumia miezi tukihofia michoro, kumbe uongo ulikuwa umekaa kwenye picha halisi.

Mikanda 14

Msanii, ndivyo nitakavyomwita mwenye filamu hii, ni mchoraji. Kabla ya kazi hii alikuwa ametengeneza filamu mbili fupi zisizo na neno hata moja, zote kwa mkaa wa kuchorea. Safari hii alipewa sanduku lenye mikanda 14 ya filamu ya milimita 16, kila mmoja wa futi 100, iliyopigwa na uongozi wa kiwanda cha kusokota nyuzi kwa ajili ya kuwafundisha wafanyakazi wapya: namna ya kupitisha uzi kwenye mashine, namna ya kuunga uzi uliokatika, mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama. Mikanda haikuwa na sauti. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa zamani, baada ya moto uliozuka wakati wa zamu ya usiku na kuua wafanyakazi kadhaa.

Sanduku lilipofunguliwa lilinuka siki. Wanaoshughulika na filamu za zamani wanaijua harufu hiyo. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki, unapooza hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wa mkanda wenyewe na wa jirani zake. Tiba hakuna. Baridi hupunguza kasi ya uozo, lakini kilichomo kinaokolewa kwa kuskani fremu moja moja, yaani kila picha ndogo ya mkanda, kabla mkanda haujasinyaa na kupinda hata ushindwe kupita kwenye mashine. Ndivyo tulivyofanya.

Tulipozicheza picha hizo kwa fremu 24 kwa sekunde, watu walitembea kama wanaofukuzwa. Mikanda ya kimya mara nyingi ilipigwa kwa kasi ndogo zaidi, fremu 16 au 18. Tukajaribu zote mbili huku tukitazama mikono inayofunga fundo na vumbi la pamba linaloanguka. Kwa 18 kila kitu kilitulia. Mkanda wa futi 100 una fremu 4,000, yaani dakika 2 na sekunde 46 kwa kasi ya 24, lakini dakika 3 na sekunde 42 kwa kasi ya 18. Sanduku zima likawa na dakika kama 52 badala ya 39.

Hapo ulifanyika uamuzi wa kwanza wenye maana, ingawa siku ile niliuona wa kiufundi tu. Ili kuingiza picha za fremu 18 ndani ya filamu ya fremu 24, unaweza kurudia fremu moja katika kila tatu, au ukaiachia programu ibuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini. Mimi nilipendelea ulaini. Msanii alikataa. "Fremu ambayo kamera haikuipiga ni mchoro," aliniambia, "na michoro nachora mwenyewe." Tukarudia fremu. Vilevile tuliliacha umbo la picha lilivyo, 4 kwa 3, badala ya kulikata lijaze skrini pana, kwa sababu ukilikata unapoteza robo ya urefu wa picha, na robo ya chini ndiyo iliyokuwa na mikono ya wafanyakazi. Ninayataja haya ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wasiojali. Tuliiheshimu fremu moja moja.

Kwa nini njia tatu

Usiku wa moto hakukuwa na kamera. Kilichokuwapo ni ripoti ya uongozi iliyosema kwamba mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na kumbukumbu za watu sita waliokuwa wafanyakazi, ambao Msanii aliwarekodi sauti. Wanne walisema mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mmoja alisema ulikuwa wazi lakini umezibwa na marobota ya pamba. Mmoja hakukumbuka. Wawili kati ya wote sita hawakutaka sauti zao zisikike kabisa.

Kwa hiyo kila njia ilikuja na haja yake. Mikanda ilionyesha kazi na jengo. Mkaa ulichukua usiku ambao haukupigwa picha. Na hadithi ya kubuni iliwaficha waliotaka kufichwa: Msanii alimtunga msichana wa zamu ya usiku anayemwandikia dada yake barua, akakusanya ndani ya barua hizo maneno ya mashahidi, na mwigizaji akazisoma. Kulikuwa pia na sehemu mbili za kuigiza zilizopigwa kwa kamera ya kidijitali ndani ya jengo tupu: msichana akipita kwenye korido, msichana akivua viatu.

Tulipoulizwa maswali, tulikuwa na majibu ya historia. Meli ya Lusitania ilipozamishwa mwaka 1915 hakuna aliyeipiga picha ikizama, na Winsor McCay akalichora tukio zima, filamu ikatoka mwaka 1918. Filamu ya Flee ya mwaka 2021 ilitumia michoro kumficha mtu anayesimulia maisha yake ya ukimbizi, na katika tuzo za Oscar za mwaka 2022 iliteuliwa kwa mpigo katika vipengele vya dokumentari, filamu ya uhuishaji na filamu ya kimataifa. The War Game ya Peter Watkins ilionyesha shambulio la nyuklia dhidi ya Uingereza ambalo halijawahi kutokea, ikapewa Oscar ya dokumentari. BBC iliyoitengeneza haikuirusha hewani hadi mwaka 1985. Tuliona kwamba mipaka imevukwa tangu zamani na waliotutangulia, nasi tuko salama. Mifano yote ilikuwa ya kweli, ila haikujibu swali letu. Inathibitisha kwamba unaruhusiwa kuchanganya, lakini haikwambii nini kinampata mtazamaji pale sauti ya aina moja inapowekwa juu ya picha ya aina nyingine.

Mwendo wa kazi hadi onyesho la majaribio

Muda mwingi uliliwa na michoro. Mtayarishaji alihofia kwamba vifo vikichorwa vitaonekana vya kitoto. Tukaanza na rotoskopu, mbinu ya kuchora juu ya mwendo wa mtu aliyepigwa picha, ambayo mtengenezaji wa katuni Max Fleischer aliipatia hataza mwaka 1917. Waigizaji walipanda ngazi, Msanii akawafuatisha kwa kalamu. Mwendo ulitoka sahihi mno: bega linainama, kisigino kinateleza. Tulipoutazama mara ya tatu, Msanii akasema kwamba michoro hii inajifanya ilikuwapo. Akaitupa yote.

Akarudi kwenye mkaa, karatasi moja kwa kila shoti, kamera ikiwa juu. Unachora, unapiga picha, unafuta sehemu, unachora tena, unapiga tena. Ni namna ya kufanya kazi ambayo mchoraji William Kentridge wa Afrika Kusini aliifanya ijulikane sana tangu mwaka 1989, na sifa yake kubwa ni kwamba mkaa haufutiki wote. Kila hatua inaacha kivuli cha ile iliyotangulia. Ugumu wake ni kwamba huwezi kurudi nyuma: hatua ya jana haipo tena ila kwenye picha uliyoipiga. Alichora hatua 6 kwa kila sekunde, kila moja ikishikwa kwa fremu 4. Sehemu ya moto ilikuwa ya dakika 4 na sekunde 10, kwa hiyo hatua 1,500. Alifanya hatua kama 40 kwa siku.

Wakati yeye anachora, mimi nilikuwa napanga mikanda na barua. Hapa ndipo ninapojilaumu. Barua zilikuwa nzuri na mwigizaji alizisoma vizuri, kwa hiyo nikatafuta picha za kuzibeba. Katika mkanda wa tisa kuna mwanamke kijana ambaye, katikati ya somo la kuunga uzi, ananyanyua macho na kuitazama kamera, kisha anarudi kwenye kazi yake. Ni sekunde chache tu, na uso huo unashika moyo. Niliuweka chini ya barua ya kwanza. Ukakaa vizuri sana, nikautumia tena kwenye barua ya tatu, na mara ya mwisho ukatangulia moto. Bila mtu yeyote kuamua, yule mwanamke akawa ndiye msichana wa barua.

Kosa la pili lilikuwa la wote. Sehemu mbili za kuigiza zilikuwa safi mno zikilinganishwa na mikanda, zikaonekana kama zimetoka filamu nyingine. Tukazizeesha: tukaongeza chembechembe, mikwaruzo, tukapunguza rangi, tukazikata 4 kwa 3. Fremu ya programu tuliikataa kwa sababu haikupigwa na kamera. Sasa tukawa tunaichafua picha ya juzi ifanane na ya miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyeona mgongano. Mtengenezaji wa sauti naye akaleta mngurumo wa mashine za kusokota, aliorekodi kwingine, akautandaza chini ya mikanda yote.

Toleo la kwanza lilikuwa la dakika 44. Tuliwaonyesha watu 22 wasioijua kazi hii na kuwaomba waandike, bila kuongozwa, nini katika filamu kilitokea na nani wanamkumbuka. Wengi walilia, nasi tukafurahi. Kisha tukasoma karatasi. Hakuna hata mmoja aliyedhani michoro ni ushahidi wa kamera. Lakini 17 waliandika kwamba msichana wa barua alikuwa mtu wa kweli aliyekufa kwenye moto, na zaidi ya nusu ya hao walisema walimwona usoni. Karibu wote waliitaja korido ya kuigiza kuwa picha ya zamani.

Mtayarishaji aliona huo ni ushindi: filamu imeaminiwa. Mimi nilisitasita lakini sikusema kitu. Tulibakiza siku 9 kabla ya tarehe ya mwisho ya kupeleka filamu kwenye tamasha moja.

Bi. M. alipoitazama

Bi. M. ni mmoja wa wale wanne waliosema mlango ulifungwa. Msanii alikuwa amemwahidi kwamba ataona filamu kabla ya watu wengine. Tuliichelewesha ahadi hiyo hadi baada ya onyesho la majaribio, na kuichelewesha vile lilikuwa kosa la kutosha peke yake, hata kama mengine yote yasingetokea.

Alitazama hadi mwisho akiwa kimya. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyu msichana wa barua ni nani?"

Msanii akamweleza kwamba ametungwa, kwamba ndani yake kuna wengi.

"Hilo la kitasa kuwa cha moto nikakishika kwa khanga, ni langu."

"Ndiyo, mama, ni lako."

"Nimelibeba miaka yote hii. Wewe umempa mtu ambaye hakuwahi kukishika."

Baada ya hapo akaomba turudishe nyuma hadi kwenye ule uso. Alimtambua mara moja, akalitaja jina lake. "Huyu hakuwa zamu usiku ule. Alishaacha kazi. Na hajafa. Mbona mmemuua?"

Sijawahi kusikia swali zito kuliko hilo katika chumba cha uhariri. Mwanamke aliyekuwa akifunzwa kazi, aliyepigwa picha na mwajiri wake bila shaka bila kuulizwa, sisi tulimpa sauti isiyo yake, barua asizoziandika na kifo asichokufa. Na hayo yote tuliyafanya kwa picha halisi kabisa, iliyoskaniwa kwa uangalifu, yenye kasi sahihi.

Uamuzi uliofuata

Siku iliyofuata Msanii aliiondoa filamu kwenye tamasha. Mtayarishaji alipinga, alipendekeza tuweke maandishi mwanzoni kwamba baadhi ya sehemu ni za kubuni, tupeleke, tusahihishe baadaye. Sababu za kukataa zilikuwa mbili. Maandishi ya namna hiyo husema "baadhi" bila kusema zipi, kwa hiyo hayamsaidii mtazamaji kuchagua. Na yanasomwa kwenye dakika ya kwanza ilhali uso unaonekana kwenye dakika ya tano. Kufikia hapo mtazamaji ameshaingia.

Upande wa pili, Msanii mwenyewe alitaka kufuta hadithi ya kubuni yote, abaki na mikanda, mkaa na sauti. Nilimpinga kwa siku mbili. Wale wawili waliotaka kufichwa bado walihitaji mahali. Tena, barua zilikuwa zikifanya jambo ambalo ushahidi haukuweza: zilionyesha maisha ya siku za kawaida kabla ya moto, uchovu, utani na mipango ya watu, mambo ambayo mashahidi waliyataja kwa nusu sentensi wakikimbilia usiku wenyewe.

Tulichokubaliana kilianzia kwenye sauti. Sauti ya kubuni isipite tena juu ya uso wa mtu halisi. Barua zisikike juu ya mkaa au juu ya giza tu. Kila sentensi iliyotoka kwa shahidi aliyekubali kusikika irudi kwake, kwa sauti yake. Bi. M. alikuja kurekodi upya maneno ya kitasa, akayasema kwa namna tofauti kabisa na mwigizaji: haraka, bila kuvuta, kama anayesoma orodha. Nilipoyaweka kwenye filamu nilielewa ni kiasi gani mwigizaji alikuwa akituambia tuhisi nini.

Sehemu za kuigiza tulizivua uzee wote. Zikarudi kwenye rangi kamili na umbo pana, kiasi kwamba skrini yenyewe inafunguka pande zote mbili zinapoingia. Jicho linajua limehama. Tukaongeza shoti moja ya sekunde 40, isiyokatwa, kabla ya barua ya kwanza: mwigizaji anaketi mbele ya maikrofoni, anapewa karatasi, anaipitia, anauliza, "Nisome kama nani?" Sauti ya Msanii inajibu nje ya picha: "Soma kama mtu ambaye hakuwapo." Shoti hiyo iliokotwa kwenye rekodi za mazoezi. Hatukuitunga, na ndiyo maana inafanya kazi.

Yule mwanamke wa mkanda wa tisa alipatikana kupitia Bi. M. Alitazama picha yake mara kadhaa, akaonekana kufurahi kujiona kijana. Alikubali itumike kwa sharti moja: isemwe kwamba usiku ule hakuwapo. Sasa picha yake inapita bila sauti yoyote, na mistari miwili ya maandishi inasema aliacha kazi kabla ya moto.

Kuhusu mlango, uamuzi ulitoka kwenye mkaa wenyewe. Katika toleo la kwanza mlango ulichorwa umefungwa, basi. Katika toleo jipya Msanii aliuchora umefungwa, akaufuta, akauchora wazi na marobota mbele yake, akaufuta, akaufunga tena. Kivuli cha kila mlango kinabaki chini ya unaofuata, huku sauti za mashahidi na mstari wa ripoti ya uongozi vikisikika kwa zamu. Dakika moja na nusu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu.

Mngurumo wa kukopa uliondolewa pia. Mmoja wa mashahidi alikuwa ametwambia tangu mwanzo kwamba mashine zao hazikulia vile, nasi tukaona ni dogo. Mikanda sasa ni ya kimya, ikiwa na mvumo mdogo tu wa chumba ili watu wasidhani spika zimekufa, jambo ambalo lilitokea kweli tulipojaribu ukimya mtupu.

Matokeo

Kazi ya kurudia ilichukua miezi mitano. Filamu ilishuka hadi dakika 31. Tamasha tulilolikosa halikurudi. Baadaye tamasha moja liliipokea kwenye programu ya dokumentari, lingine likairudisha likisema si dokumentari, la tatu likaiweka kwenye filamu za majaribio. Katika onyesho la pili la majaribio, kwa watu wengine na swali lilelile, walioandika kwamba msichana wa barua aliishi walikuwa wawili. Bi. M. alihudhuria onyesho la kwanza la hadhara na kukaa mstari wa mbele.

Kulikuwa na hasara pia. Mmoja wa wale wawili waliojificha nyuma ya barua alijitoa kabisa. Alisema kwamba zamani msichana alikuwa mtu, naye alikuwa salama ndani yake. Sasa kila mtazamaji anajua msichana ni pazia na ataanza kukisia nani yuko nyuma. Hakukosea. Na kuna watazamaji wawili walioona matoleo yote mawili wakasema la kwanza liliwagusa zaidi. Nao hawakukosea: toleo la kwanza lilikuwa na mtu mmoja wa kumpenda na kumlilia, la pili halimpi mtazamaji mtu wa namna hiyo.

Uchambuzi

Nikianza na kilichofaa: mchoro ulikuwa tabaka aminifu kuliko yote. Mtazamaji anapoona mkaa anajua kuna mkono, na mkono una mwenyewe. Hofu yetu kwamba uhuishaji ungedhoofisha ukweli ilielekezwa mahali pasipo. Picha ya kamera ndiyo inayosema "hili lilikuwapo mbele yangu", na ni kweli, lakini haisemi lilikuwa nini, lini, wala kwa ajili ya nani. Mikanda ile ilipigwa kufundisha kazi. Tulipoiweka chini ya barua za msiba, imani yote ambayo mtazamaji huipa kamera ikahamia kwa msichana asiyekuwapo. Ndiyo maana nasema wanaochanganya aina hizi wasikague tabaka moja moja. Kila tabaka letu lilipita ukaguzi wake. Kosa lilikuwa pale mawili yanapolaliana.

Tangu wakati huo ninafanya hivi kwenye meza ya uhariri: picha za kumbukumbu zina rangi yake, michoro rangi yake, maigizo rangi yake, na sauti vivyo hivyo, ya shahidi, ya mwigizaji, ya kurekodiwa kwingine. Kila mahali rangi mbili tofauti zinapopangana juu na chini nasimama na kuandika: nani alisema hili kwanza, nani anasema sasa, picha hii ilipigwa kwa sababu gani, na mtazamaji akiunganisha hivi viwili atadhani nini. Ni kazi ya kuchosha. Katika filamu ya nusu saa nilipata sehemu 38 za namna hiyo, na nyingi hazikuwa na tatizo.

Msichana aliyetungwa kutokana na watu wengi ana udhaifu ambao hatukuuona kwa sababu tulimwona kama ulinzi tu. Mashahidi walipingana kuhusu mlango. Yeye hakuweza kupingana na nafsi yake, kwa hiyo akasema kwa uhakika ambao hakuna hata mmoja wao aliokuwa nao. Aliufanya ushahidi uonekane mzito kuliko ulivyo. Na papo hapo aliufanya uwe mwepesi kuangushwa: mtu yeyote wa upande wa uongozi angethibitisha kwa dakika moja kwamba mfanyakazi huyo hakuwahi kuwapo kwenye orodha, na madai ya kufuli, ambayo watu wanne wanayasimamia, yangeanguka pamoja naye. Tungekuwa tumewapa silaha. Hili linaniuma kuliko mengine, kwa kuwa filamu nzima ilitengenezwa ili wale wanne wasikike.

Suala la ridhaa lilishindwa kwenye karatasi tangu mwanzo. Mmiliki wa mikanda alitupa barua ya ruhusa, tukadhani tumemaliza. Barua ile ilihusu mikanda. Watu waliomo ndani yake hawakuwa mali ya mmiliki, na walipigwa picha wakiwa kazini, mahali ambapo ni vigumu kumkatalia anayeshika kamera. Fomu ya mashahidi nayo ilisema kwamba sauti na maneno yao yatatumika kwenye filamu. Haikusema maneno yanaweza kutenganishwa na sauti, wala kwamba yanaweza kutiwa kinywani mwa mtu mwingine. Bi. M. alitia saini kwa moyo mweupe kwenye jambo ambalo hakuambiwa. Siku hizi fomu yetu inauliza hayo waziwazi, mstari kwa mstari, na shahidi anaweza kukubali moja na kukataa jingine.

Kuzeesha picha sina la kutetea. Kama sehemu ya kuigiza haikai vizuri pembeni ya mkanda wa zamani, kutokukaa huko ni taarifa ambayo mtazamaji anastahili kuipata. Tuliiona kama dosari ya mtindo.

Jambo ambalo bado hatujakubaliana mimi na Msanii ni lile la shahidi aliyejitoa. Alikuwa amechorwa kwenye ngazi, sekunde 9, hatua 54. Kwa kuwa karatasi ile ilishafika mwisho wake, shoti nzima ilibidi ianzwe upya kwenye karatasi mpya, bila yeye. Mimi niliona ngazi ibaki safi. Msanii alimchora kwanza, kisha akamfuta kabla ya kupiga fremu ya kwanza, ili doa lake libaki pale ambapo wengine wanapita. Nilimwambia kwamba doa nalo linaweza kumtaja mtu. Akamtumia picha ya karatasi na kumuuliza. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja: doa libaki, ila ngazi ziwe na mtu mwingine mmoja zaidi, kwa sababu usiku ule hakuwa peke yake pale. Msanii alianza karatasi ya tatu asubuhi iliyofuata.